Bi Zuleha na Nguzo ya Umeme

"Mtoto niliyemkanda mimi akilegea miguu, nitatoka mchana kweupe nikande nguzo ya umeme, tena kwa mafuta yangu mwenyewe!"

Maneno hayo Bi Zuleha wa Moa aliyatamka kwenye harusi ya binti wa mzee Idarusi, akiwa ameshika kipaza sauti ambacho hakuna mtu aliyempa. Mshereheshaji alikuwa amekiweka mezani ili apate kumeza pilau, na kipaza sauti kisicho na mwenyewe, mbele ya Bi Zuleha, hakikai mezani muda mrefu. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akaunyoosha mkono kuelekea chini ya turubai, alikokuwa mjukuu wake Badru, mtoto wa miaka minne, anakata mbuga na kipande cha keki ambacho hakikuwa chake.

"Mnaiona ile miguu? Kazi ya mikono hii!"

Hakuna aliyebisha. Pale Moa, mtoto akishatimiza arobaini, kituo chake cha kwanza duniani ni mapaja ya Bi Zuleha. Anamlaza, anamvuta mkono huku na mguu kule, anamnyoosha mgongo, anamrusha juu kidogo ili mama mtu ashike roho, kisha anamrudisha amelainika kama unga wa chapati. Mafuta anapika mwenyewe: anakuna nazi, anakamua tui, analichemsha mpaka mafuta yajitenge, anatia habasoda, na kuna kitu kingine anatia ambacho hakisemi. Vijana wote wa bodaboda pale kijijini wamepita mikononi mwake, na wakimtajia nauli huwakumbusha. "Nimekunyoosha miguu yote miwili ukiwa huna hata jina la maana, leo unaniambia elfu tatu?" Anapakiwa kwa elfu moja, na kijana ndiye anayeomba radhi.

Shida ilianza na ndala.

Badru alianza kurudi nyumbani na ndala moja. Bibi yake, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu humwita mume wangu, akamsimamisha mlangoni.

"Mume wangu, ndala ya pili umemwachia nani? Umeoa mke mwingine?"

Badru akautazama mguu wake kama anayeonyeshwa mguu wa jirani. Hakujua. Ndala ilikuwa imemvuka njiani, naye akaendelea na safari, mguu mtupu juu ya kokoto, bila habari. Bi Zuleha akanunua jozi nyingine dukani kwa Hatibu. Nayo ikapotea upande. Akanunua nyingine, hii akaifunga kisiginoni kwa kipande cha mpira wa tyubu. Hatibu akamuuliza kama mtoto anavaa ndala au anazila.

Baada ya ndala zikaja ajali za mahali pasipo na cha kujikwaa. Badru anatembea kwenye mchanga sawa, mara yuko chini. Mguu wake ukawa unapiga ardhi pwaa, pwaa, kama wa mtu anayevuka tope, na kizingiti cha mlango, alichokuwa akikiruka kama mbuzi, akawa anakishika kwa mikono kwanza, anakifikiria.

Bi Zuleha akafanya analolijua: alizidisha kukanda. Asubuhi anakanda, jioni anakanda. Mafuta yakaongezwa habasoda, na kile kitu kisichosemwa kikaongezwa pia.

"Mama, tumpeleke zahanati," alisema binti yake Khadija, mama wa mtoto, ambaye huuza mihogo ya kukaanga karibu na shule na kwa kawaida hapotezi maneno.

"Zahanati! Yule mganga wa zahanati mwenyewe juzi kaja hapa nimkande shingo."

"Shingo na miguu ni vitu viwili."

"Kwa anayekanda ni kitu kimoja."

Sababu ya kweli aliiacha chini ya ulimi. Kwenda zahanati mchana ni kupita mbele ya Moa nzima, na katika Moa hiyo yumo Mwanamkasi, shoga yake tangu wakiwa wasichana, ambaye huchoma vitumbua kwenye kona, na ambaye Mungu alimpa sauti isiyohitaji kipaza. Siku moja Badru alianguka mbele ya jiko lake. Mwanamkasi akamwinua, akampangusa vumbi, akampa kitumbua cha moto. Halafu akageuza uso taratibu kuelekea nguzo ya umeme iliyo kando ya duka la Hatibu.

"Shoga," akamwambia Bi Zuleha, "ile nguzo naiona imepinda. Nadhani mgongo unaiuma."

Wateja wakacheka. Bi Zuleha naye akacheka, tena akawazidi kwa sauti. Siku hiyo chakula hakikumshuka.

Ndivyo miezi ilivyokwenda, bibi analinda maneno yake na mjukuu anapoteza ndala.

Aliyeuvunja mchezo huo ni Khadija. Bi Zuleha alipokwenda kuzika Kwale, binti akambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Mganga akampiga Badru chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Goti la mtoto likipigwa pale, mguu huruka wenyewe, hata mwenye mguu akiwa hataki. Mguu wa Badru haukuruka. Ulikaa kimya kama mtu aliyeulizwa deni mbele ya wageni. Mganga akajaribu wa pili, nao ukanyamaza. Akaandika rufaa waende Tanga mjini, kwenye kliniki moja ya binafsi kule Raskazone, ambako daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto huja mara chache kutoka Dar, na huja na mashine.

Bi Zuleha aliporudi msibani akapewa habari akiwa bado hajavua buibui.

"Umempeleka nyuma ya mgongo wangu."

"Ningekupitia mbele ungekubali?"

Hilo akaliruka. "Na huko Tanga wanataka kumfanya nini?"

"Kupima mishipa ya fahamu. Wajue ugonjwa uko kwenye mshipa au uko kwenye msuli. Wanapima kwa umeme."

"Kwa nini?"

"Kwa umeme, mama. Mdogo tu."

"Mjukuu wangu pasi?"

Khadija alikuwa akimtazama Badru, aliyekuwa ameketi kizingitini anajaribu kuvaa ndala kwa mikono miwili, anaupachika mguu ndani yake kama anavyopachika mpini kwenye jembe. Bi Zuleha naye akatazama huko. Ubishi ukaishia hapo, wala hakuna aliyetangaza kuwa umekwisha.

Siku ya kabla ya safari kliniki ikapiga simu. Mtoto aogeshwe vizuri, wakasema, na asipakwe mafuta wala losheni yoyote. Khadija akaitikia ndiyo, ndiyo, ahsante. Bi Zuleha aliyesikia kila neno akaona wametukanwa. Mtoto wa Pwani kupelekwa mjini amepauka kama samaki ng'onda? Watu si watasema hana kwao? Tena miguu, ndiyo itakayokodolewa macho na daktari wa Dar! Alfajiri, Khadija alipokuwa anaoga, akamvuta Badru nyuma ya pazia akampaka. Mikono na uso aliviacha, kwani yeye si mtu asiyesikia. Miguu tu. Akairudia na kuirudia mpaka ikameta.

"Usimwambie mama yako."

"Haya, mke wangu," alisema Badru.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, chenye kitanda, kiyoyozi kinachopuliza kama kina ugomvi na mtu, na mashine iliyowekwa juu ya kitoroli, ina kioo kama cha televisheni. Fundi wa mashine alikuwa kijana wa Lushoto anayeitwa Godlisten.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye umeme?"

"Ndiye mimi. Ila ni wa kiasi, bibi, hata taa hauwashi."

Akawaeleza. Anabandika stika mguuni, zina waya zinazokwenda kwenye mashine. Kisha anaugusa mshipa kwa kidude chenye meno mawili, anatia umeme kidogo. Mshipa unapeleka habari, msuli unaruka, na mashine inapima habari imechukua muda gani njiani. Mshipa mzima unachora mlima kwenye kioo, haraka na mrefu. Mshipa mgonjwa mlima wake huchelewa kutokea, au hutokea kichuguu.

"Anza na mimi," alisema Bi Zuleha. "Kama ni wa kuua, uanze na mkubwa."

Godlisten akambandika stika kiganjani, akamgusa kwenye kifundo cha mkono. Dole gumba la Bi Zuleha likaruka. Akalitazama. Miaka yote hiyo yeye ndiye anayevuta viungo vya watu. Hakuna aliyewahi kumchezeshea chake bila ruhusa.

"Ala! Rudia."

Likaruka tena. Badru akacheka mpaka akajilaza mwenyewe kitandani, anataka zamu yake.

Hapo mambo yakaharibika. Godlisten alibandika stika ya kwanza mguuni kwa Badru, ikateleza. Akafuta kwa pamba yenye spiriti, akabandika nyingine. Ikashuka polepole mpaka kwenye shuka. Akaishikilia kwa kidole. Kioo kikajaa mistari iliyovurugika, kama kuku wametembea na wino. Akainusa ile pamba.

"Hii ni nazi."

Akamwonyesha Khadija ile pamba.

"Mama, huyu mtoto mmemleta kupimwa au kupikwa?"

Khadija akageuka taratibu kumtazama mama yake. Bi Zuleha alikuwa ameinua macho anakikagua kiyoyozi kama anayetaka kukinunua.

"Bibi kasema nisiseme," alisema Badru.

Godlisten akaacha utani. Akavuta kiti, akaketi ili asimsemeshe mtu mzima kwa kumwinamia. "Bibi, nisikilize. Nikipima hivi, mashine itaandika uongo, na daktari atatoa dawa kwa kuamini uongo ule. Siwezi. Itabidi mkamsafishe, nimweke mwisho kabisa. Daktari anaondoka jioni. Kama zamu yenu haikufika, ni mpaka safari yake nyingine, na hiyo mimi sijui ni lini."

"Mama," Khadija alianza, "miezi yote hii..." Sentensi haikuendelea. Bi Zuleha angependa iendelee, hata imchome, kuliko ilivyokatika vile.

Akamchukua mtoto mwenyewe. Nyuma ya kliniki palikuwa na bomba. Akaomba kipande cha sabuni ya mche kwa mfanyakazi wa usafi, akamkalisha Badru juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kusugua. Mafuta yalikataa kutoka. Yalikuwa ya alfajiri, ya jana, ya mwezi jana, yameingia yakahamia. Akasugua kama anayesugua sufuria la shughuli. Povu la kwanza likaja jeusi, la pili la kijivu, mwisho maji yakashuka meupe. Akaikausha ile miguu kwa upindo wa kanga yake.

Ndipo akaiona.

Kwa muda mrefu hakuwa ameiona miguu ya mjukuu wake bila mafuta. Mafuta yalikuwa yakiing'arisha, na mguu unaong'aa huonekana umejaa. Sasa ilikuwa mikavu, imepauka, ya kweli. Akaizungushia mkono pale penye nyama ya nyuma, chini ya goti, mahali ambapo vidole vyake havijawahi kufikiana tangu mtoto aanze kukimbia. Vikafikiana. Vikapishana.

"Bibi, unalia?"

"Sabuni."

"Sabuni iko kwangu."

"Mume wangu, usinichungulie."

Zamu yao ilifika daktari ameshaanza kufunga begi lake. Stika zikashika. Godlisten akaweka kipimajoto juu ya ngozi, akaguna. Maji ya bomba na kiyoyozi vilikuwa vimeipoza miguu.

"Mguu wa baridi nao unadanganya," alisema, akaenda kuzima kiyoyozi. "Mshipa ukipoa unakwenda polepole hata kama ni mzima. Inatakiwa ipate joto kwanza." Akamtazama bibi, akasita kidogo, kicheko kikamponyoka. "Bibi, unaweza kumsugua? Mikavu?"

Bi Zuleha akakunja mikono ya gauni. Alikuwa hajawahi kukanda bila mafuta, na viganja vyake vikakwaruza ngozi kama msasa. Hakuimba, hakuvuta, hakurusha mtu juu. Alisugua tu, taratibu, mpaka Godlisten akapima tena na kusema basi.

Kipimo kilipoanza, Badru alilia mara ya kwanza kwa kushtuka. Mara ya pili alikunja uso. Kisha akaanza kuhesabu na Godlisten kila pigo, wakifika tatu wanasema "bado!" pamoja. Vidole vya mguu vilicheza kidogo sana. Bi Zuleha alikitazama kioo bila kupepesa. Hakujua kusoma ile michoro, lakini mlima na kichuguu anavijua. Na vile vilikuwa vichuguu, tena vinachelewa.

Daktari, mama mmoja mpole anayeitwa Yudith, akaja kumalizia mwenyewe kwa sindano nyembamba, akaichoma kwenye msuli ausikilize. Mashine ikatoa sauti kama matone ya mvua juu ya bati. Badru akamng'ata bibi yake begani. Bibi akajiacha ang'atwe.

Baadaye Daktari Yudith akawakalisha. Ugonjwa hauko kwenye msuli, aliwaambia, uko kwenye mishipa ya fahamu. Mshipa ni kama waya, na waya una mpira wake wa nje. Mwili wa Badru, kwa kukosea, unauchuna mpira ule wenyewe, ndiyo maana habari zinachelewa njiani na nyingine hazifiki. Mtoto hahisi ndala inapomvuka. Mguu hauinuki anapoutaka. Wataongeza vipimo vingine ili kuhakikisha. Ila aina hii ina dawa. Si ya wiki moja, na hakuna wa kuahidi kwamba atarudi kama zamani, lakini wengi huinuka.

Khadija akauliza namna ya kumpa dawa. Bi Zuleha akangoja mpaka amalize.

"Daktari, nina maswali yangu matatu. Mimi ni mkandaji. Kumkanda kwangu ndiko kulikomharibu?"

"Hapana, mama."

"Na ningeendelea kumkanda, angepona?"

"Hapana."

Akanyoosha kanga mapajani. "Nimemchelewesha?"

Daktari Yudith angeweza kuzunguka. Hakuzunguka. "Ndiyo, mama. Mmechelewa kidogo. Lakini hamjachelewa kabisa."

"Haya," alisema Bi Zuleha. "Ahsante kwa kuniambia."

Dawa zilimfanya Badru avimbe mashavu na ale kama kuli. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha Bi Zuleha kukinyoosha kifundo cha mguu ili kisikakamae, naye akajifunza kimya kimya, mara mbili akirekebishwa na mtaalamu huyo, msichana mdogo kwake kwa mbali. Mikono mikavu. Wazazi walioleta watoto wachanga kunyooshwa wakashangaa kuulizwa maswali ya ajabu: anashika? anapiga teke? shingo anaikaza? Mwenye majibu yasiyoridhisha alirudishwa aende zahanati kwanza.

Mwanamkasi hakuigusa tena habari ya nguzo. Siku moja alimletea vitumbua nyumbani, jambo ambalo si kawaida yake, akasema, "Shoga, yale ya harusini yalikuwa ya harusini."

"Nilisema kwenye kipaza sauti."

"Kipaza chenyewe kilikuwa cha kuiba."

"Ndiyo kabisa nitakanda. Ninamngoja mtu mmoja tu."

Aliyekuwa akimngoja ni Badru. Alitaka aende kwa miguu yake. Akangoja mpaka alipomwona amekivuka kizingiti bila kukishika, akaenda bila kukishika, akarudi bila kukishika. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, akajifunga kanga kiunoni akatoka na mjukuu wake, chupa ya mafuta ya nazi kaibeba Badru. Watu wakaanza kuwafuata kabla hawajafika kona. Mwanamkasi akaacha vitumbua vinaungua.

Bi Zuleha akaimwagia nguzo mafuta, akaikanda. Aliikanda kweli, kuanzia kwenye magoti kama nguzo ina magoti, mpaka mikono yake ilipofika. Lami ya nguzo ikamchafua hadi kwenye viwiko. Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Hatibu akatoka dukani akashika kichwa.

"Chekeni," alisema Bi Zuleha, bila kipaza sauti, na wakanyamaza. "Nilisema nitakanda, nimekanda. Sasa na nyinyi nisikieni. Mtoto akipoteza kiatu asijue, au akianguka pasipo na kitu, msimlete kwangu. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, na msimpake mafuta. Mimi nilingoja kwa sababu ya mdomo wangu huu. Nguvu ya miguu aliyoipoteza kwa kungoja kwangu hainunuliki dukani kwa Hatibu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamkasi akachukua majivu jikoni kwake, akaja kumsaidia kusugua lami mikononi.

Badru, aliyekuwa amechoka kushika chupa tupu, akaanza kurudi nyumbani peke yake, pwaa, pwaa, lakini pwaa ndogo. Karibu na kona ndala ya kushoto ikamvuka. Bibi yake aliiona. Khadija aliiona. Hakuna aliyemwita.

Mtoto akapiga hatua moja. Akasimama. Akautazama mguu, akatazama nyuma, akarudi akaivaa.

Ndala za mtoto, dukani kwa Hatibu, ni shilingi elfu mbili na mia tano, na siku hiyo Bi Zuleha hakuzitoa.